Wasaidizi Wawili wa Jim Lee Howell: Rekodi ya Mratibu Kabla ya Kuwa Kocha Mkuu, New York, 1954–1959

Katika futiboli ya Kimarekani, mchezo ambao mpira wake wenye umbo la yai hubebwa na kurushwa kwa mikono na ambao haufai kuchanganywa na soka, mratibu ni kocha msaidizi aliyekabidhiwa nusu nzima ya timu. Mratibu wa mashambulizi huwafundisha na kuwapangia mbinu wachezaji kumi na mmoja wanaoingia uwanjani timu inapomiliki mpira, ilhali mratibu wa ulinzi huwashughulikia wengine kumi na mmoja wanaoingia mpira unapokuwa mikononi mwa wapinzani, na kila mmoja wao huwa na chumba chake cha mikutano na daftari lake la mbinu. Cheo hicho ndicho ngazi ya kawaida ya kupandia kwenye ukocha mkuu, hivi kwamba klabu inapomfungashia virago kocha wake, wamiliki huanza kupekua rekodi za waratibu wa klabu nyingine: timu ilifunga pointi ngapi chini ya huyu, ilifungwa ngapi chini ya yule, nani alitwaa ubingwa na nani aliishia njiani. Upekuzi huo una udhaifu wa tangu zamani, nao unaonekana vizuri katika historia ya klabu ya New York Giants, ambayo kuanzia 1954 hadi 1958 ilikuwa na wasaidizi wawili kwa wakati mmoja, Vince Lombardi upande wa mashambulizi na Tom Landry upande wa ulinzi, kabla ya mmoja kwenda Green Bay na mwingine Dallas. Siku hizo neno mratibu lilikuwa bado halijawa cheo rasmi katika klabu hiyo, lakini kazi waliyoifanya ndiyo iliyokuja kupewa jina hilo.

Kazi yenyewe isingewezekana kabla ya kanuni moja kubadilika. Kwa miongo mingi wachezaji wale wale kumi na mmoja walishambulia na kulinda, kwa sababu kanuni ziliwabana makocha katika kubadilisha wachezaji, na mtu aliyetoka uwanjani hakurudi kwa urahisi. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipowachukua vijana wengi jeshini na klabu zikabaki na vikosi vyembamba, Ligi ya Taifa ya Futiboli, yaani NFL, iliruhusu mwaka 1943 ubadilishaji usio na kikomo. Uhuru huo ukapunguzwa 1946, na mwaka 1950 ukarudishwa moja kwa moja. Tangu hapo timu moja ikawa kwa hakika timu mbili zinazovaa jezi ya rangi moja, ya kushambulia na ya kulinda, kila moja ikiwa na wachezaji wake na ujuzi wake. Wakati huo huo Paul Brown, kocha wa Cleveland Browns, alikuwa ameugeuza ukocha kuwa kazi ya darasani: aliajiri wasaidizi wa mwaka mzima, aliwataka wachezaji wakae madawatini na kuandika mbinu kwa mikono yao, na aliwapa alama baada ya kuichunguza filamu ya kila mechi. Mtu mmoja asingeweza tena kuyabeba yote hayo peke yake, hata angekuwa na kipaji cha namna gani, na klabu zilizochelewa kulitambua hilo zilianza kuachwa nyuma.

Giants walikuwa miongoni mwa waliochelewa. Steve Owen alikuwa amewafundisha kwa zaidi ya miaka 20, akawapa ubingwa mara mbili na heshima kubwa, lakini msimu wa 1953 walishinda mechi 3 tu kati ya 12, wakafunga pointi 179 na kufungwa 277. Familia ya Mara, iliyomiliki klabu tangu kuanzishwa kwake mwaka 1925, ilimwondoa na kumkabidhi mikoba Jim Lee Howell, mkulima kutoka Lonoke katika jimbo la Arkansas, mtu mrefu wa sauti nzito aliyewahi kuichezea klabu hiyo na ambaye hakuwa ameupigania ukocha mkuu. Howell alijijua. Hakuwa mbunifu wa mbinu wala hakujifanya kuwa mmoja. Alikubali kazi akiwa na nia ya kuwatafuta watu wanaojua kuliko yeye, na alipowapata aliwaachia nusu zao za timu kweli kweli, akabaki na nidhamu, ratiba na maamuzi machache ya mwisho. Alizoea kuwaambia waandishi wa habari kwamba kazi yake ilikuwa kujaza mipira upepo na kuhakikisha wachezaji wamelala kwa wakati. Kauli hiyo imerudiwa mara nyingi kama mzaha, ingawa inastahili kuchukuliwa kwa uzito wake kamili, kwa maana katika ligi iliyojaa makocha wakali waliong'ang'ania kila uamuzi, kocha mkuu aliyegawa madaraka kwa hiari yake alikuwa kitu adimu sana.

Lombardi alifika New York akiwa na umri wa miaka 40, umri ambao wenzake wengi walikuwa tayari wamekuwa makocha wakuu au wamekata tamaa. Alizaliwa Brooklyn mwaka 1913 katika familia ya wahamiaji wa Kiitalia, akacheza kama mchezaji wa mstari wa mbele wa Chuo Kikuu cha Fordham, yaani mmoja wa wale wanaosukumana ana kwa ana na wapinzani kila mchezo unapoanza, kisha akatumia miaka minane katika shule ya sekondari ya Kikatoliki ya St. Cecilia huko Englewood, New Jersey, akisomesha Kilatini, kemia na fizikia huku akifundisha futiboli na mpira wa kikapu. Miaka hiyo haionekani katika takwimu zozote za NFL, lakini ndiyo iliyomfanya awe kocha wa aina aliyokuwa, kwani mwalimu wa fizikia huzoea kulirudia somo mpaka mwanafunzi aliye nyuma kabisa alielewe, na ndivyo Lombardi alivyowafundisha watu wazima waliolipwa ili wacheze. Baada ya kurudi Fordham kwa muda mfupi aliajiriwa mwaka 1949 katika chuo cha kijeshi cha West Point, chini ya Earl Blaik, kocha aliyekuwa na kiu ya kuchambua filamu na aliyetaka mbinu zipunguzwe hadi zibaki chache zinazotekelezwa bila kosa. Lombardi alikaa naye misimu mitano, na funzo hilo la uchache hakuliacha tena.

Mwanzo wake katika ligi ya kulipwa haukuwa mwepesi. Giants walipiga kambi ya mwaka 1954 mjini Salem, katika jimbo la Oregon, na wachezaji waliozoea njia za Owen walimwona mwalimu huyu wa vijana, mwenye sauti ya juu na mbinu za chuoni, kama mgeni asiyeujua mchezo wa wanaume. Mojawapo ya mbinu alizokuja nazo ilimtaka kwotabeki, yaani mchezaji anayepokea mpira kwanza na kuamua kama ataurusha au atamkabidhi mwenzake, akimbie nao mwenyewe ubavuni, na Charlie Conerly, aliyekuwa na miaka 32 na mwili uliokwisha kupigwa vya kutosha, hakuwa tayari kwa hilo. Kilichotokea baadaye kimesimuliwa na Frank Gifford, nyota wa timu hiyo: usiku Lombardi alipita katika vyumba vya mabweni, akakaa na wachezaji, akachora mbinu zake na kuwauliza ni ipi ingefaa katika ligi ya kulipwa na ipi isingefaa. Mtu ambaye sifa yake kuu baadaye ilikuwa ukali aliingia kazini kwa kuuliza, na tendo hilo dogo linaeleza mengi kuhusu ubora wake kuliko hotuba zote zilizokuja kumpa umaarufu.

Jibu alilolipata lilizaa mashambulizi ya namna mpya. Gifford, ambaye chini ya Owen alikuwa akichezeshwa pande zote mbili mpaka akakaribia kuacha mchezo, alipewa nafasi moja tu, ya mkimbiaji upande wa kushoto, na Lombardi akaujenga mchezo mmoja kumzunguka: wachezaji wawili wa mstari wa mbele walijing'oa mahali pao mchezo ulipoanza, wakakimbia kuelekea ubavuni, na mkimbiaji akawafuata nyuma akitazama ni upenyo gani utafunguka, ndani au nje, badala ya kukimbilia shimo alilopangiwa tangu mwanzo. Kwa kuwa Gifford alijua pia kurusha mpira akiwa mbioni, walinzi hawakuwa na hakika wamkabili au wabaki nyuma. Mwaka huo wa kwanza Giants walifunga pointi 293, ongezeko la zaidi ya 100 kulinganisha na 1953, na mwaka 1956 Gifford alitajwa kuwa mchezaji bora wa ligi.

Landry alifika kwenye kazi hiyo hiyo kwa njia nyingine kabisa. Mzaliwa wa mji wa Mission, kusini mwa Texas, mwaka 1924, alikatiza masomo ya chuo kikuu ili kujiunga na jeshi la anga, ambako kaka yake alikuwa amekwisha kufa katika ndege ya kivita, na akashiriki safari 30 za mashambulizi juu ya Ulaya kama rubani msaidizi wa ndege ya B-17. Alirudi, akamaliza masomo, akaingia Giants mwaka 1950 kama mlinzi wa nyuma, yaani mmoja wa wale wanaowazuia wapokeaji wa pasi, na wakati wa mapumziko ya misimu akasomea uhandisi wa viwanda katika Chuo Kikuu cha Houston hadi akapata shahada mwaka 1952. Hakuwa na kasi kubwa, kwa hiyo alilazimika kujua mapema kile ambacho wenzake walikifikia kwa miguu, na alianza kuyasoma mashambulizi ya wapinzani kama mhandisi anavyosoma mchoro: wakijipanga hivi, na nafasi ya uwanja ni hii, mambo yanayowezekana ni machache na yanahesabika.

Nafasi yake ya kwanza ya kufundisha ilimjia kabla hajapewa cheo chochote. Oktoba 1950 Giants walitakiwa kuikabili Cleveland ya Paul Brown, timu iliyokuwa imewashtua wote kwa pasi zake, na Owen alibuni mpango ambao baadhi ya walinzi wa mstari wa mbele walirudi nyuma na kutanda kama mwavuli unaofunguka. Owen alichora umbo hilo ubaoni kwa ufupi, na inasimuliwa kwamba aliyebaki na chaki mkononi kuwafafanulia wenzake nani asimame wapi na amfuate nani alikuwa Landry, mchezaji wa mwaka wake wa kwanza katika klabu hiyo. Giants walishinda 6–0. Mwaka 1954 Howell alimfanya mchezaji na kocha kwa pamoja, na kuanzia 1956 akaacha kucheza na kuubeba ulinzi mzima akiwa na umri wa miaka 31, mdogo kwa umri kuliko baadhi ya wachezaji aliowaongoza.

Mchango wake mkubwa wa miaka hiyo ni mpangilio ulioitwa nne-tatu, ambao unahitaji maelezo kidogo. Kabla yake timu nyingi zilipanga walinzi watano au zaidi kwenye mstari wa mbele, na yule wa katikati alisimama uso kwa uso na mpinzani wake. Katika nne-tatu, walinzi wanne hubaki mbele, na nyuma yao husimama watatu waitwao malainibeka, walinzi wa safu ya pili, ambao wanaweza kusonga mbele kuwazuia wakimbiaji au kurudi nyuma kuziba njia za pasi. Wazo la kumrudisha nyuma mlinzi wa katikati halikuwa la Landry peke yake, kwa maana huko Chicago pia lilikuwa limejaribiwa, lakini ni yeye aliyelifanya kuwa mfumo kamili. Kila mlinzi alipewa pengo lake la kulinda na ishara yake ya kusoma, aghalabu hatua ya kwanza ya mpinzani mmoja maalumu, na akakatazwa kuukimbilia mpira mpaka awe ameitimiza kazi ya pengo lake. Nidhamu hiyo ilikuwa ngumu kwa watu waliolelewa kuufuata mpira popote ulipo, na wengi waliilalamikia, lakini ilipokamilika ilizaa ulinzi ambao mlinzi mmoja alijua bila kugeuza shingo kwamba mwenzake yupo mahali anapotakiwa kuwa.

Aliyekaa katikati ya mfumo huo alikuwa Sam Huff, kijana kutoka katika kambi za wachimba makaa ya mawe huko West Virginia, aliyesajiliwa mwaka 1956 bila klabu kuwa na hakika acheze wapi. Landry alimweka lainibeka wa kati, akamfundisha kusoma, na katika muda wa miaka mitatu Huff akawa mlinzi anayejulikana kuliko wote nchini, hata jarida la Time likaweka sura yake kwenye jalada lake mnamo Novemba 1959. Hapo awali mashabiki waliwashangilia wenye kufunga pekee. Katika uwanja wa Yankee, ambako Giants walihamia mwaka 1956, umati ulijifunza kuuita ulinzi kwa sauti moja.

Matunda ya nusu hizo mbili yalionekana Desemba 30, 1956, katika fainali dhidi ya Chicago Bears, juu ya uwanja uliogeuka barafu. Giants walivaa viatu vya raba vya mpira wa kikapu badala ya viatu vya njumu, jambo ambalo Andy Robustelli, mchezaji wao aliyekuwa na duka la vifaa vya michezo, alilisaidia kufanikiwa, na wakashinda 47–7. Miaka miwili baadaye, Desemba 21, 1958, katika mechi ya kuamua bingwa wa kanda ya mashariki, ulinzi wa Landry ulimzuia Jim Brown wa Cleveland, mkimbiaji mkubwa kuliko wote wa enzi zake, asipate zaidi ya yadi 8 katika mbio 7, nao Giants wakashinda 10–0. Wiki moja tu baada ya hapo ulinzi huo huo ulishindwa kumzuia Johnny Unitas wa Baltimore, aliyemrushia Raymond Berry pasi 12 zilizopokewa kwa jumla ya yadi 178, na Giants wakapoteza fainali 23–17 katika muda wa nyongeza. Mtafiti anayetaka kuthibitisha kwamba ulinzi wa Landry ulikuwa haupenyeki anayo mechi ya Desemba 21, na anayetaka kuthibitisha kinyume chake anayo ya Desemba 28, ilhali kocha, wachezaji na mfumo vilikuwa vile vile.

Rekodi hizo zilikuwa pia za watu wengi. Wellington Mara, mwana wa mwanzilishi wa klabu, alikuwa akikaa juu ya jukwaa la waandishi wakati wa mechi, akapiga picha za papo kwa papo za jinsi wapinzani walivyojipanga, akazitia ndani ya soksi yenye kitu kizito na kuitupa chini hadi kwenye benchi la ufundi, ambako makocha waliziangalia kabla ya mchezo uliofuata. Kipimo gani cha takwimu kingeweza kuigawa ile soksi, sehemu hii kwa mwana wa mwenye klabu, sehemu ile kwa Landry au Lombardi? Mazoezini nako nusu mbili za timu zilishindana vikali, kiasi kwamba watu wa ulinzi na watu wa mashambulizi walikaribia kujiona klabu mbili, na kila Lombardi alipobuni upenyo mpya, Landry ndiye aliyekuwa wa kwanza kutafuta namna ya kuuziba. Miaka mitano ya kuvutana hivyo kila wiki haimo katika jedwali lolote, lakini ndiyo shule iliyowapika wote wawili.

Mwanzoni mwa 1959 Lombardi, aliyekuwa amepitwa mara kadhaa katika nafasi za ukocha mkuu, aliitwa na Green Bay Packers, klabu ya mji mdogo wa Wisconsin iliyokuwa imeshinda mechi 1 tu msimu uliotangulia. Mwishoni mwa mwaka huo huo Landry alikubali kuiongoza klabu mpya ya Dallas, ambayo ilikuwa bado haijapewa rasmi kibali cha ligi. Sasa takwimu zinaweza kuwekwa mezani. Mwaka 1958, wa mwisho wa Lombardi, Giants walifunga pointi 246. Mwaka 1959, akiwa ameondoka na Allie Sherman ameshika nafasi yake, walifunga 284. Upande wa pili, ulinzi wa Landry ulifungwa pointi 183 mwaka 1958 na 170 mwaka 1959, chache kuliko timu yoyote ya ligi kwa misimu yote miwili, na alipoondoka Giants walifungwa 261 mwaka 1960. Mmiliki yeyote ambaye angetumia hesabu hizo peke yake angekata shauri bila kusita: aliyestahili kuajiriwa kwanza ni Landry, na Lombardi alikuwa mtu ambaye mashambulizi yaliongezeka nguvu baada ya yeye kuondoka.

Yaliyofuata yaliupindua uamuzi huo. Msimu wake wa kwanza Lombardi aliifikisha Green Bay kwenye ushindi wa mechi 7 kati ya 12, na jambo la kuzingatiwa zaidi ni kwamba mtu huyu wa mashambulizi aliboresha hasa ulinzi, ambao ulishuka kutoka pointi 382 za kufungwa hadi 246. Alifanya hivyo kwa kumwajiri Phil Bengtson na kumwachia upande huo kama Howell alivyowaachia wao. Mwaka wa tatu Packers walitwaa ubingwa kwa kuwafunga Giants wenyewe 37–0, mwaka wa nne wakawafunga tena 16–7 katika uwanja wa Yankee, na hadi Lombardi alipojiuzulu ukocha wa klabu hiyo baada ya msimu wa 1967 walikuwa wametwaa ubingwa mara tano katika miaka saba. Landry kwa upande wake, bingwa wa ulinzi wa 1959, aliishuhudia Dallas ikifungwa pointi 369 mwaka 1960, bila kushinda hata mechi moja kati ya 12. Kosa halikuwa lake. Dallas ilikubaliwa katika ligi baada ya mgawanyo wa wachezaji wa vyuo wa mwaka huo kukamilika, hivyo ikalazimika kujaza kikosi kwa wachezaji ambao klabu nyingine hazikuwahitaji, ilhali Lombardi aliwakuta Green Bay vijana kama Bart Starr, Paul Hornung, Jim Taylor, Forrest Gregg na Ray Nitschke, waliosajiliwa kabla yake na ambao hakuna aliyekuwa amejua kuwatumia. Mechi pekee ambayo Dallas haikufungwa mwaka ule ilikuwa sare ya 31–31, mjini New York, dhidi ya Giants.

Hapa inafaa kumtaja Clint Murchison, mwenye klabu ya Dallas, ambaye hakutishwa na jedwali. Mapema mwaka 1964, Landry akiwa amemaliza misimu minne bila kupata hata mmoja ambao ushindi ulizidi vipigo, Murchison alimpa mkataba mpya wa miaka 10. Katika historia yote ya kazi hii ni vigumu kupata uamuzi uliosoma rekodi kwa akili kuliko huo, kwani Murchison aliona kile ambacho Landry alikuwa akikijenga badala ya kile alichokuwa akikipoteza. Kuanzia 1966 Dallas ilikuwa na misimu 20 mfululizo yenye ushindi mwingi kuliko vipigo.

Alichokuwa akikijenga kilikuwa mwendelezo wa ule mvutano wa New York. Kwa kuwa timu nyingi zilikuwa zimeiga nne-tatu yake, Landry alibuni mashambulizi ya kuivunja: wachezaji walijipanga, wakainuka, wakahama na kujipanga upya sekunde chache kabla ya mchezo kuanza, ili ishara ambazo yeye mwenyewe aliwafundisha walinzi kuzisoma zisisomeke tena. Kisha, katikati ya miaka ya 1960, aligeukia ule mchezo wa Lombardi wa mkimbiaji anayetafuta upenyo ulio wazi, akawarudisha baadhi ya walinzi wake wa mbele hatua moja nyuma ya mstari ili wapate nukta ya muda ya kusoma kabla ya kusukumana. Walikutana katika fainali mbili za NFL mfululizo, na Lombardi akashinda zote: 34–27 mjini Dallas Januari 1, 1967, na 21–17 huko Green Bay Desemba 31 mwaka huo huo, katika baridi ya takriban nyuzi 25 za selisiasi chini ya sifuri, kwa mpira uliovushwa mstari zikiwa zimebaki sekunde 13. Lombardi alifariki Septemba 1970, na kombe la ubingwa likapewa jina lake. Januari 16, 1972, mjini New Orleans, Landry alilitwaa kombe hilo kwa mara ya kwanza baada ya kuifunga Miami 24–3.

Isidhaniwe kwamba kila msaidizi wa mtu mkubwa hugeuka kuwa mkubwa. Bengtson, ambaye rekodi yake ya ulinzi Green Bay ilikuwa ya miaka tisa na ya ubingwa mara tano, aliirithi timu mwaka 1968 na katika misimu mitatu alishinda mechi 20, akafungwa 21 na kutoka sare 1. Wachezaji walikuwa wamezeeka, hilo ni kweli, lakini ni kweli pia kwamba alikuwa amezoea kuwa sauti ya upole nyuma ya sauti kali, na sauti hiyo kali ilipoondoka utulivu wake haukutosha. Rekodi ya mratibu inaeleza alichokifanya chini ya kivuli fulani. Ili kujua atafanya nini juani, mwenye kuajiri hana budi kuuliza alipewa madaraka kiasi gani, alifundisha vipi, na ni nani aliyekuwa akisimama nyuma yake siku mambo yalipoharibika.

Kwa Lombardi na Landry aliyesimama nyuma yao alikuwa Howell. Msimu wa 1960, wasaidizi wake wote wawili wakiwa wameondoka, Giants walishinda mechi 6, wakafungwa 4 na kutoka sare 2, naye akaacha ukocha akiwa na jumla ya ushindi wa mechi 53 katika misimu saba. Ukumbi wa Umashuhuri wa futiboli ya kulipwa, ulioko mjini Canton katika jimbo la Ohio, ulimpokea Lombardi mwaka 1971 na Landry mwaka 1990. Howell hayumo.